Alifu kwa Ujiti: Istilahi za Uchongaji wa Herufi Ngeni

Utangulizi

Mtu apitaye katika barabara ya Samora, Dar es Salaam, hukutana na Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari mwenyewe, wa shaba nyeusi, kila mwenyeji wa mji anamjua. Lakini chini yake kuna maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa mara mbili: kwa hati ya Kirumi na kwa hati ya Kiarabu. Wakati ule mtu wa pwani aliyesoma chuoni aliweza kuisoma hati hiyo ya pili bila taabu. Leo wapitao wengi huiangalia kama nakshi tu. Hati iliyokuwa yetu imekuwa ngeni machoni petu, nayo haikuhama mahali pake.

Katika makala haya tutajaribu kueleza istilahi zinazohitajiwa na mafundi na wasanii wachongao herufi za hati wasiyoijua, ili kazi hizo zisimamishwe nje, bustanini au barabarani. Pengine msomaji atauliza: je, jambo dogo kama hili lina haja ya istilahi? Tunaamini kwamba lina haja kubwa. Kosa la kalamu hufutwa. Kosa la patasi hubaki.

1. Jiwe lililotufumbua macho

Tulianza kuifikiria habari hii kwa sababu ya jiwe moja. Fundi mmoja wa mawe aliagizwa achonge neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, lisimamishwe bustanini mbele ya nyumba ya wageni huko pwani. Neno hilo hutamkwa bayt. Ndilo asili ya neno letu "beti" la ushairi, na ndilo lililomo katika jina la Beit el Ajaib la Unguja. Huandikwa kwa herufi tatu: be, ye na te. Fundi hakuijua hati hiyo. Alipewa karatasi yenye neno, akaambiwa aufuate mchoro.

Sasa, be na ye zikiandikwa mwanzoni au katikati ya neno huwa na kiwiliwili kimoja. Kinachozitenga ni nukta tu: be ina nukta moja chini, ye ina mbili chini. Fundi aliona nukta tatu zimebanana upande wa chini wa jiwe lake, naye ni mtu mwenye jicho la urembo. Akaona ni heri zile mbili za katikati ziondolewe, na badala yake iwekwe moja juu, ili jiwe lipate kupumua. Lakini kiwiliwili hicho kikiwa na nukta moja juu si ye tena, ni nuni. Na be, nuni na te ni bint, yaani binti. Mwenye nyumba aliagiza nyumba, akaletewa binti.

Tulipozungumza na pande zote mbili tuligundua kwamba hapakuwa na mzembe. Mwenye nyumba alikuwa amemwonya fundi, "Usiziharibu herufi." Fundi naye alishikilia kwamba hakuharibu hata herufi moja, alichogusa ni "vile vidoadoa". Neno hilo lilitueleza yote. Kwa mmoja ile ni nukta, kiungo cha herufi. Kwa mwenzake ni kidoadoa, kama doa la rangi lililoanguka kwa bahati mbaya. Ajuaye kusoma na ajuaye kuchonga walikuwa wakitazama karatasi moja bila ya kuwa na maneno ya pamoja ya kuzungumzia kile walichokiona. Hapo ndipo kazi ya istilahi inapoanza.

2. Mifano mitatu kutoka nchi za nje

Kabla ya kupendekeza maneno, yafaa tutazame jinsi kazi za namna hii zilivyofanywa kwingineko, maana kila moja ina tatizo lake.

Mfano wa kwanza uko Figeac, mji mdogo wa Ufaransa alikozaliwa Champollion mwaka 1790. Mwaka 1822 mtaalamu huyo alitangaza jinsi ya kuisoma hati ya kale ya Misri, akisaidiwa na jiwe lililofukuliwa mwaka 1799 karibu na mji wa Rashid, ambalo tangu mwaka 1802 limewekwa London. Jiwe hilo lina amri moja ya mwaka 196 K.K. iliyoandikwa kwa hati tatu: hieroglifu, demotiki na Kiyunani. Jiwe la asili lina urefu wa sentimita 112 tu. Mwaka 1991 msanii wa Kimarekani, Joseph Kosuth, alilitengeneza upya huko Figeac kwa bamba la matale meusi yaliyotoka Zimbabwe, lenye urefu wa zaidi ya mita 10, akalilaza chini katika uwanja uliozungukwa na nyumba za zamani. Watu hutembea juu ya maandishi. Wengi wao hawajui hata alama moja ya Kimisri, lakini kila alama imechongwa mahali pake, kwa sababu msanii hakuchukua mfano wa mapambo, alichukua matini.

Mfano wa pili uko Armenia. Mwaka 2005, kwa kuadhimisha miaka 1,600 ya alfabeti ya Kiarmenia iliyobuniwa na Mesrop Mashtots, herufi 39 za mawe zilisimamishwa karibu na kijiji cha Artashavan, katika miteremko ya mlima Aragats, kwa mpango wa msanifu majengo Jim Torosyan. Zilichongwa kwa jiwe la volkano ambalo ni jepesi na halimshindi fundi. Hapa herufi hazikuandikwa juu ya kitu. Zenyewe ndizo kitu. Mtoto wa Kiarmenia huenda kuitafuta herufi ya jina lake na kuegemea kwayo. Mgeni asiyejua kusoma huona mawe yaliyopinda, lakini hata yeye hutambua kwamba mapindo hayo hayakutokea ovyo.

Mfano wa tatu ni kazi za Jaume Plensa, msanii wa Barcelona, ambaye huunda miili mikubwa ya watu kwa herufi za chuma zilizochomelewa, zikichanganywa kutoka alfabeti mbalimbali. Herufi zake hazikupangwa zifanye maneno. Mwanga na upepo hupita katikati yake, na mtu huweza kuingia ndani ya mwili huo akatazama nje kwa kupitia herufi.

Kwa hiyo tuna namna tatu: matini iliyochongwa juu ya jiwe, herufi moja moja iliyosimama peke yake, na herufi zilizounganishwa kuwa umbo jingine. Kwa namna zote tatu, lugha yetu imezoea kutoa jibu moja tu: "sanamu zenye maandishi". Jibu hilo halitoshi.

3. Majina ya jumla

Sanamu. Kwa asili yake ya Kiarabu neno hili lilihusu kitu kinachoabudiwa, na katika Kiswahili limekuwa na maana ya mfano wa mtu au mnyama. Kwa sababu hiyo wengine miongoni mwetu walipinga lisitumike kwa herufi, wakisema kuwa herufi haina uso wala mwili. Wengine walijibu kwamba maana ya neno imekwisha kupanuka, na kwamba kulibana sasa ni kazi bure. Baada ya majadiliano tumeona kwamba sanamu ya herufi lifae kuwa jina la jumla la kazi yoyote ya namna hii, iwe ya jiwe, mti au chuma.

Mchongo. Neno hili lihifadhiwe kwa kazi iliyopatikana kwa kuondoa: kuchonga, kuchimba, kukwangua. Tunajua kwamba vijana wa mjini hulitumia kwa maana ya mpango wa kujipatia riziki. Hilo halidhuru, maana mazingira hutenganisha maana. Kazi ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu si mchongo, hiyo imesubiwa. Na kazi ya vipande vilivyounganishwa kwa moto imechomelewa. Mtu asiseme "mchongo wa chuma" kwa kazi ambayo haikuguswa na patasi.

Hati, alfabeti, alama. Hapa ndipo palipo na mchanganyiko mkubwa. Hati ni jumla ya utaratibu wa kuandika, wa namna yoyote. Alfabeti ni aina moja ya hati, ambayo kila herufi huwakilisha sauti, kama ya Kirumi, ya Kiyunani au ya Kiarmenia. Hati ya Kiamhara hujengwa kwa silabi, na hieroglifu za Misri zilichanganya alama za sauti na alama za maana. Hizo si alfabeti, wala vipande vyake si herufi kwa maana halisi. Tunapendekeza viitwe alama. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Katika hieroglifu, ndege na watu huelekeza nyuso zao upande ambao msomaji anaanzia. Mchongaji akimgeuza ndege mmoja ili watazamane na mwenzake kwa urembo, ameelekeza msomaji upande usiofaa. Akijua kwamba kile ni alama ya hati, si picha ya ndege, atauliza kwanza.

4. Viungo vya herufi

Katika kutafuta istilahi tumefuata utaratibu wa kawaida wa kuanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kukopa. Seremala wa pwani ana jina kwa kila sehemu ya mlango: kizingiti, mwimo, mfaa, bawaba, komeo. Ilikuwaje herufi, ambayo ni chombo kilichotumika kwa karne nyingi, isiwe na majina ya viungo vyake? Kumbe majina yapo, ila yalibaki chuoni.

Ujiti. Wazee wetu husema "alifu kwa ujiti" wanapozungumzia mwanzo kabisa wa jambo, kama mtoto anayeanza kusoma kwa herufi ya kwanza, ambayo imesimama wima kama kijiti. Tumekuwa tukiutumia usemi huo bila kukumbuka kwamba ndani yake mna istilahi iliyo tayari. Basi ujiti uwe ni mstari uliosimama wima katika herufi ya hati yoyote. Herufi ya Kirumi l ni ujiti mtupu. H ina njiti mbili.

Tumbo. Sehemu iliyovimba na kupinda, kama ile ya b na d za Kirumi.

Mkia. Sehemu ishukayo chini ya mstari ambao herufi hukaa juu yake, kama katika g na y.

Nukta. Alama ndogo isiyogusana na kiwiliwili, lakini ambayo ni kiungo halisi cha herufi. Pamoja nayo twende na majina ya irabu za hati ya Kiarabu ambayo mtoto wa chuoni huyajua: fataha, kasra, dhuma, sukuni na shada.

Pambo. Chochote kilichoongezwa katika herufi kwa ajili ya uzuri tu. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya hati ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na herufi zake humalizikia katika majani na vikonyo. Fundi yule alijua kazi yake: ameiacha herufi iwe herufi, na jani liwe jani.

Namna ya kutenga kiungo na pambo ni rahisi, na tungependa kila mchongaji aikumbuke. Funika kwa kidole sehemu unayoitilia shaka, kisha mwulize ajuaye hati kama neno bado linasomeka vilevile. Likisomeka, ulichokifunika ni pambo, na unayo ruhusa ya kukipunguza au kukihamisha. Lisiposomeka, au likisomeka neno jingine, ulichokifunika ni kiungo, na huna ruhusa ya kukigusa. Lau jaribio hilo lingefanywa kwa lile jiwe la bustanini, lingechukua dakika moja.

5. Kuchonga na kusimamisha

Mchongo wa kuzama na mchongo wa kuinuka. Katika ule wa kwanza herufi huchimbwa ndani ya jiwe; katika wa pili jiwe la pembeni huondolewa, herufi ikabaki imeinuka. Chaguo hili hutegemea sana jua. Herufi iliyozama husomeka kwa kivuli kilichomo ndani yake. Ikiwa ukutani, jua la juu huifanya ionekane vizuri. Ikilazwa chini katika nchi zetu za jua la utosini, saa sita za mchana kivuli hutoweka na maandishi hufifia. Aidha herufi iliyolazwa hutuamisha maji ya mvua, kwa hiyo hapana budi pawe na mteremko wa kuyatoa.

Kisiwa na daraja. Fundi akikata herufi O katika bamba la chuma ili mwanga upite, kile kipande cha katikati huanguka, kwa kuwa hakuna kinachokishika. Kipande hicho tumekiita kisiwa. Ile shina nyembamba inayoachwa kukishikilia tulikuwa tumeiandikia jina kiunganishi. Tulipolisoma mbele ya mafundi wa chuma, mmoja wao alicheka akatuambia kwamba kiunganishi alikiacha darasani pamoja na kitenzi na kielezi. Yeye hukiita daraja. Tulifuta neno letu palepale. Kisiwa hukaa kwa daraja, na mtu yeyote akiambiwa hivyo huelewa bila ya kuelezwa.

Daraja huhitajiwa pia upande wa pili. Herufi ya Kiarabu ikisimamishwa peke yake, nukta zake haziwezi kuelea hewani. Lazima zishikwe kwa chuma chembamba, na hapo huzuka hatari mpya: mtazamaji asiyeijua hati atadhani daraja ni sehemu ya herufi. Ndiyo maana mafundi waangalifu hulifanya daraja liwe jembamba, au hulipaka rangi nyingine, au hulificha nyuma. Kwa kazi za karibu na bahari, daraja hilo ndilo la kwanza kuliwa na kutu, na nukta ndiyo ya kwanza kuanguka. Neno lililochongwa sahihi laweza kuharibika lenyewe baada ya miaka, mbele ya watu ambao hawatajua kwamba limeharibika.

Uso na kisogo. Maandishi ya ukutani yana upande mmoja tu. Sanamu ya herufi iliyosimama uwanjani huzungukwa. Atokaye nyuma huona kinyume: b ya Kirumi humwonekea d, na p humwonekea q. Herufi nyingine, kama A, H na O, hazibadiliki. Kwa hiyo mchoro wa kazi uonyeshe wazi uso ni upi na kisogo ni kipi, na sanamu isimamishwe uso wake ukiwa upande ambao watu wengi hutokea.

6. Tamati

Tumeeleza istilahi chache, nazo si amri, ni mapendekezo. Lengo letu si kumfanya mchongaji awe mwanachuoni wa kila hati anayoichonga. Msanii ana haki ya kuvutiwa na umbo la herufi asiyoijua, na kazi nyingine njema zimezaliwa kwa mvuto huo. Tunachokisema ni kwamba kutojua si aibu ikiwa mtu anayo maneno ya kuulizia. Fundi awezaye kusema, "Hii nukta ni kiungo au ni pambo?" amekwisha kujiepusha na nusu ya hatari.

Kuhusu lile jiwe, halikutupwa. Jiwe zuri lina thamani, na fundi alikuwa mtu wa haya. Alilipindua, akachonga upya upande wa pili, safari hii ajuaye hati akiwa amesimama kando yake, wakiulizana nukta kwa nukta. Limesimama bustanini, usoni linasomeka nyumba, na kisogoni bado lina binti. Mwenye nyumba hukataa kuufunika upande huo. Huwaambia wageni wake kwamba nyumba isiyo na binti haijakamilika.

Wasomaji wetu, hasa mafundi wa mawe, mti na chuma, na walimu wa vyuo vya pwani waliorithi majina ya herufi kutoka kwa wazee wao, wanaombwa watuandikie. Yamkini neno tulilolibuni kwa shida linatamkwa kila siku katika karakana fulani. Tukiletewa neno lililo bora kuliko letu, tutalifuta letu, kama tulivyokifuta kiunganishi.